Saa za Fungu la Nakupenda

Siku ya tatu ya fungate yetu tulipelekwa kuliona fungu la Nakupenda. Ni fungu la mchanga mweupe lililolala baharini karibu na kisiwa cha Changuu, mkabala wa Mji Mkongwe wa Unguja, na jina lake peke yake linatosha kuwatoa maharusi kitandani. Wakala aliyetupangia safari alituahidi kwamba tungekula pweza wa kuchoma pale, bahari ikituzunguka pande zote. Boti iling'oa nanga saa tisa na nusu alasiri. Tulipofika, nahodha alizima mashine, akanyoosha kidole mahali ambapo maji yalikuwa yamepauka kuliko kwingine, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa mkono wa pole: "Lipo hapo chini."

Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu. Mtoto yeyote wa Nungwi au Kizimkazi angeweza kutuambia kwamba mwezi mpevu huleta bamvua, na kwamba maji ya bamvua hapa Unguja hujaa alasiri, kwenye saa kumi hivi, yakafunika kila fungu. Aliyetupangia alikuwa na bei, na picha, na jina zuri la kutuuzia. Saa ya maji hakuwa nayo. Mke wangu aliegemea ubavu wa boti akaitazama ile rangi ya maji kwa muda mrefu, kisha tukarudi. Tangu siku ile naitazama kazi ya kupanga fungate kwa jicho jingine. Ni ufundi kamili, kama wa fundi anayechonga milango ya Mji Mkongwe au anayeunda majahazi, na wanaoujua hawajasifiwa wakatosheka.

Neno fungate lenyewe limebeba hesabu tumboni. Kwa Wasambaa na Wazigua, saba ni mfungate mpaka leo. Sisi wa pwani tulichukua saba ya Waarabu kwa kuhesabia nazi na fedha, fungate tukawaachia maharusi. Zilikuwa siku saba kweli, si jina tu la mapumziko. Bwana harusi alihamia kwao bi harusi, wakawekwa chumbani, na nyumba nzima ikajifunza kutembea kwa nyayo nyepesi. Aliyezishika siku hizo mkononi alikuwa somo.

Tumezoea kumtaja somo kama mfundaji, mwanamke wa siri za unyago na chumba. Alikuwa zaidi ya hapo: alikuwa mpangaji. Ndiye aliyejua singo isuguliwe lini ili ngozi ya mwari iwe tayari siku yenyewe, hina ipakwe usiku upi ili ikolee, nguo zifukizwe udi saa ngapi ili harufu isiwe kali wala isiwe imekwisha. Asumini huchumwa jioni zikiwa bado matumba, zifunguke usiku kwenye kikuba. Akichuma asubuhi amechuma takataka. Alijua chakula kiletwe saa ngapi mlangoni. Na alijua saa ya kutobisha hodi, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mtu anayewapenda maharusi ana hamu ya kuwaangalia kama wana raha, na hamu hiyo ndiyo inayoiharibu raha yenyewe.

Namfahamu mwanamke mmoja wa Mji Mkongwe ambaye bibi yake alikuwa somo, na yeye leo huwapangia maharusi ziara za kisiwa. Ana simu mbili na daftari moja. Daftari ndilo lililonifundisha. Kila ukurasa una safu mbili za tarehe: upande huu ya miladi, ile iliyo kwenye tiketi ya boti na risiti ya hoteli, upande wa pili ya mwezi wa Kiislamu. Nilidhani ameiandika kwa ajili ya Ramadhani na sikukuu. "Hiyo pia," aliniambia, "lakini mwanangu, bahari haijui Januari."

Alinieleza kama anavyomweleza mtoto. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, au ukifika usiku wa kumi na nne na wa kumi na tano, yanakuja maji ya bamvua: hujaa alasiri mpaka juu kabisa, na asubuhi kwenye saa nne huwa yamepwa mpaka majani ya baharini yanaota jua. Kati ya kupwa na kujaa kwa bamvua, kina hupishana kwa takriban mita nne. Mwezi ukifika saba au nane, au ishirini na moja, ishirini na mbili, ni maji mafu. Hayendi mbali, hayaji kwa nguvu, na saa zake zimegeuka: asubuhi yamejaa, alasiri yametoka. Kwa hiyo ukimwambia tu kwamba harusi yenu ni tarehe fulani ya mwezi mwandamo, ameshajua ni asubuhi zipi mtaogelea na zipi mtatembea, ni jioni ipi mashua itawachukua kwenye ukingo wa mchanga bila bi harusi kupandisha nguo magotini, na ni siku ipi chombo kitapwelewa mkakaa juani mkisubiri. Ameyajua yote hayo kabla hajauliza mna kiasi gani.

Nimesafiri kiasi na nimekaa na wapangaji wa safari wa namna nyingi. Wengi hupanga mahali. Yeye hupanga saa, mahali panafuata. Hapo ndipo ninapoona tofauti baina ya mwuzaji na fundi.

Mfano mmoja naupenda sana. Kule Michamvi Pingwe, pwani ya mashariki, kuna mgahawa uliojengwa juu ya jiwe baharini. Maji yakiwa yametoka unaufikia kwa miguu. Yakijaa unavushwa kwa mashua. Karibu kila kijana anayeoa anataka meza pale, na wakala wa kawaida humtafutia meza, basi. Mama huyu huitafuta saa ambayo maji ndiyo kwanza yanarudi. Maharusi huenda kwa miguu, viatu mkononi, wakichagua pa kukanyaga. Wanakula bila kujua kinachoendelea chini yao. Wakimaliza, njia waliyoijia imekuwa bahari, na kuna mtu anawangojea na mashua. Hawaambii mapema. Nilipomuuliza kwa nini, alishangaa swali langu. Akiwaambia, watakula wakitazama saa.

Upepo nao una maneno yake. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi hivi, na bahari huwa na joto na uwazi. Baada yake masika, ambapo mvua za Aprili na Mei huzifanya hoteli kadhaa zifunge milango. Kisha kusi, inayoanza kwa ukali na kuipiga pwani ya mashariki miezi ya Juni mpaka Septemba. Paje wakati huo wenye tiara za kuteleza majini wanafurahi, lakini bi harusi aliyesukwa nywele jana hafurahi. Kwa hiyo msimu wa kusi huwavutia watu upande wa Kendwa na Nungwi, ambako pia maji hayakimbii mbali yakipwa, na jua huzama baharini mbele ya macho. Anayetaka utulivu wa mashariki na bado anataka machweo, mama huyu humpeleka Michamvi Kae. Rasi ile imejipinda ikaipa Kae uso wa magharibi, ikitazama ghuba ya Chwaka, na watu wengi hukaa wiki nzima umbali wa kilomita chache bila kujua.

Jambiani na Bwejuu zinaonewa, nasema hivyo kwa uchungu. Maharusi hufika, wakaweka mabegi, wakafungua dirisha saa nne asubuhi wakakuta bahari imeondoka mamia ya mita, imeacha mchanga na vidimbwi, na wanahisi wamedanganywa. Hawakudanganywa. Hawakuandaliwa. Bahari ile ikitoka ndipo kijiji kinapoingia kazini: wanawake wanashuka na kamba na vijiti vyao kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza huku miaka ya mwisho ya 1980 na kuwapa wengi wao fedha yao ya kwanza wenyewe mkononi. Mpangaji wangu hupatana na mmoja wa wakulima hao, humlipa kwa siku yake, naye huwachukua wawili hao mpaka kwenye mwamba. Hatoi hotuba. Anafunga mwani, nao wanajaribu kufunga. Nimeona picha ya bwana harusi mmoja wa Dodoma, mtu mzima wa ofisini, amepiga magoti kwenye maji akifunga fundo lisiloshika, mkewe kamshikia kamba. Sijui picha ya harusi iliyo bora kuliko hiyo.

Kuna mambo anayoyakataa. Hapeleki maharusi kuwafukuza pomboo Kizimkazi saa ambazo boti kumi zimelizunguka kundi moja. Ataondoka alfajiri na nahodha anayekubali kuzima mashine, au haendi. Msitu wa Jozani anaupenda kwa ajili ya kima punju, ambao duniani kote hawapatikani nje ya visiwa hivi, lakini hauchanganyi na bustani za viungo za Kizimbani siku moja, eti kwa sababu ziko njiani. Mtu aliyenusa karafuu, mdalasini, iliki na vanila asubuhi hiyo pua yake imeshiba.

Mji Mkongwe huuweka mwisho. Hapa wapangaji wengi hawakubaliani naye, kwa kuwa bandari iko pale na ni rahisi kuanzia pale. Lakini siku za kwanza za harusi watu wamechoka, hawasikii wanachoambiwa. Wanataka kulala, na hawajazoeana hata katika kutembea. Baada ya siku tano za pwani wanaingia vichochoroni wakiwa wameshapata mwendo mmoja. Hapo huwapitisha penye habari ya Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akapendana na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akatoroka kwa meli mwaka 1866 na kuandika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886. Wengine huisimulia kama hadithi ya mahaba na kukomea melini. Yeye humalizia: mume alikufa miaka michache tu baada ya ndoa, kwa ajali, Hamburg, akamwacha na watoto watatu katika nchi ya baridi. Nilimwambia pengine ni habari nzito kwa maharusi. Akasema waliooana wana haki ya kujua kwamba mapenzi ni jambo zito, na kwamba baada ya kuisikia habari ile wengi hutembea wameshikana mikono mpaka Forodhani.

Katika daftari lake kuna siku moja kati ya saba ambayo safu yake haina kitu. Kwa kawaida ni ya tano. Hakuna gari, hakuna boti, hakuna meza, hata kifungua kinywa hakijaandikiwa saa. Wateja hulalamika, hasa wale wanaokuja kutoka bara wakiwa na siku chache na michango ya harusi iliyobaki kidogo baada ya ukumbi na muziki kula zilizokula. Nawaelewa. Anayevuka kwa boti ya saa mbili kutoka Dar es Salaam na ana usiku mbili tu mfukoni anataka kila saa iwe na kitu. Na kwa hao wa usiku mbili yeye hufanya kazi ileile, kwa daftari lilelile: huwaachia mchana mmoja mtupu. Huo mchana si kwamba hakuupanga. Amehakikisha maji yamejaa mbele ya chumba chao, mhudumu hatabisha, na ile harusi ya jirani yenye vipaza sauti iko kijiji kingine. Somo aliyekaa kwenye mkeka nje ya mlango angeutambua mchana ule mara moja.

Miaka sita baada ya lile fungu kututoroka, mimi na mke wangu tulirudi Unguja, naye akatupangia. Hatukumwambia habari ya Nakupenda. Aliiona mwenyewe, nadhani, namna mke wangu alivyonyamaza jina hilo lilipotajwa. Alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu ya pili, akatuandikia tarehe kumi na sita ya mwezi, saa tatu asubuhi.

Siku hiyo alitukuta ufukweni na kikapu. Ndani mlikuwa na mikate ya kumimina, pweza aliyechemshwa tayari kwa kuchomwa, na kijikuba cha asumini kilichofungwa kwa jani la mgomba, bado kina ubaridi wa usiku. Alimpigia nahodha aliyekuwa ameshatangulia na wageni wengine.

"Limetoka?"

Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Linatoka," akatuambia, akamkabidhi mke wangu kikapu. Tulipanda. Boti ilipogeuza pua niliangalia nyuma nimpungie mkono, nikaona mgongo wa buibui lake unaingia kichochoroni.

Mbele yetu, nje ya Changuu, maji yalikuwa yameanza kupauka.