Kaburi Lenye Umbo la Risasi

Ukitoka Migori kwa gari, ukapita Rongo hadi Homa Bay, sanaa ya barabarani ni ya vinyozi na hoteli: vichwa vilivyochorwa ukutani, tilapia anayetabasamu akiwa tayari kwenye sahani. Naipenda, tena bila aibu. Lakini usiishie hapo. Nenda Mbita, vuka daraja uingie Rusinga. Huko ndiko alikozikwa Tom Mboya, ndani ya jengo lenye umbo la risasi.

Mwanzoni nilikasirika. Mtu apigwe risasi Nairobi, Julai 5, 1969, halafu alazwe ndani ya risasi? Sanamu yake ya Moi Avenue, iliyozinduliwa 2011, ina adabu zaidi: amesimama tu, shwari, karibu na pale alipouawa. Adabu yenyewe ndiyo shida. Unaweza kuipita kila siku ukikimbilia matatu na usijiulize alikufaje.

Rusinga huponyoki hivyo. Mtoto akiletwa na shule atauliza mbona kaburi liko hivi, na mwalimu itabidi ajibu. Kisha atauliza nani alimtuma muuaji. Hapo mwalimu ataanza kuwaonyesha ziwa.