Ramani za Ubongo na Maneno Yaliyo Chini ya Picha

Huenda wasomaji wetu wakastaajabu kuona taarifa ya walimu wa Kiswahili ikishughulika na vitabu vya ubongo wa binadamu. Sababu yake ni hii. Mwenzetu afundishaye sayansi hapa Minago alitujia na bango la ubongo lenye majina ya Kifaransa, akatuomba tumwandikie ya Kiswahili pembeni, kwani wanafunzi wake wengi ni watoto wa wavuvi, na jambo huwaingia upesi likielezwa kwa lugha ya sokoni na ya mialoni. Tulidhani ni kazi ya jioni moja. Ilituchukua miezi, maana kila jina lilitupeleka kwenye kitabu, na kila kitabu kikatupeleka kwenye kingine. Vingine tuliviazima, vingine tulivisoma kwa simu, macho yakituuma.

Mwanzo wa kazi ulitufurahisha. Bango liliugawa ubongo mkubwa pande nne, zenye majina mazito ya asili ya Kilatini. Tulipoyachungua maneno hayo tuliona kwamba wataalamu wa Ulaya hawakubuni kitu. Walizipa pande za ubongo majina ya mifupa inayozifunika, nayo mifupa ilipewa majina ambayo hata kinyozi huyajua. Frons ni paji la uso. Tempora ni panja. Occiput ni kisogo. Upande wa nne tu ndio unaotatiza, kwa kuwa paries kwa Kilatini ni ukuta. Sisi tumeuita utosi, na tunadhani hatukukosea sana. Basi mwanafunzi anaweza kusema ubongo wa paji, ubongo wa panja, ubongo wa utosi na ubongo wa kisogo, huku akijigusa kichwa kwa kidole. (Yapendeza pia kujua kwamba kazi ya kupokea yale yaonwayo na macho hufanyika kisogoni. Aliyekupa kisogo, kumbe, amekuelekezea sehemu ile ile aonayo.)

Hata hivyo palikuwa na mtego. Mmoja wetu alipendekeza kwamba badala ya paji tuandike kipaji, kwa kuwa Waswahili wengine husema kipaji cha uso. Neno ni zuri, lakini kipaji pia ni karama, uwezo aliojaliwa mtu. Mtoto akisoma bangoni kwamba sehemu ya mbele ni ubongo wa kipaji, atadhani karama zote zimekaa hapo, na kwamba mwenye paji pana amejaliwa kuliko mwenzake. Tulilikataa. Wengine walituona tunajisumbua kwa jambo dogo, na kwa hiyo yafaa tueleze yaliyotokea katika Afrika ya Mashariki yetu wenyewe wakati maneno kuhusu paji yalipoachwa yaende yatakavyo.

Mwaka 1934 daktari F. W. Vint wa Nairobi alichapisha katika jarida la anatomia la Uingereza makala juu ya ubongo wa mwenyeji wa Kenya. Alikuwa amepima bongo za maiti, akazilinganisha na tarakimu za Wazungu, akasema za Waafrika ni nyepesi na gamba lake ni jembamba. Mwenzake, H. L. Gordon, alizichukua tarakimu hizo akazijengea hoja kwamba Mwafrika ana upungufu wa akili wa kuzaliwa nao, na akahoji kama elimu ya Kizungu haimdhuru. Walimu na watulie hapo kidogo. Kutoka kwenye mizani ya chumba cha maiti, hatua mbili tu, tumekwisha kufika mlangoni mwa darasa.

Baada yao akaja J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari. Kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika kilitolewa mwaka 1953 na Shirika la Afya Duniani, yaani kilibeba muhuri mkubwa kuliko wote. Humo alidai kwamba Mwafrika hautumii ubongo wake wa paji ipasavyo, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na kukatwa nyuzi za sehemu hiyo. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya Kenya kijitabu juu ya saikolojia ya Mau Mau. Watu waliodai ardhi yao wakageuzwa wagonjwa. Frantz Fanon, naye akiwa daktari wa magonjwa ya akili, alimjibu mwaka 1961 katika kitabu ambacho sisi tumekipata kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, tafsiri ya Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga. Tunawasihi walimu wakisome kwa lugha hiyo.

Jibu la kianatomia lilitolewa mwaka 1970 na Phillip Tobias wa Afrika ya Kusini. Alionyesha kwamba uzito wa ubongo hubadilika kwa umri, kwa ukubwa wa mwili, kwa lishe ya utotoni, kwa sababu ya kifo, kwa saa zilizopita tangu kufa, na hata kwa jinsi mpimaji alivyoukata na kama aliuacha na tando zake. Hayo yote yasiposawazishwa, ulinganifu wa mataifa ni upuuzi. Mchuuzi wa Minago angelielewa hilo bila shahada: nani atakubali ndagala wabichi wapimwe na ndagala wakavu, kisha aambiwe kwamba samaki wa ng'ambo ni wanono?

Tuziangalie sasa ramani zenyewe. Picha za ubongo katika kitabu cha Vesalius cha mwaka 1543, na zile ambazo Christopher Wren alimchorea Thomas Willis mwaka 1664, zingali zinapendeza, na zina unyofu fulani: mchoraji ameketi mbele ya kichwa kimoja anachora akionacho. Ramani za siku hizi zina mamlaka zaidi na kwa hiyo zahitaji tahadhari zaidi. Ile ya Talairach na Tournoux ya mwaka 1988, iliyotumika miaka mingi kuonyeshea mahali pa kila jambo ubongoni, ilichorwa kutokana na ubongo wa mwanamke mmoja wa Ufaransa mwenye umri wa miaka 60. Ile iliyotolewa mwaka 2013 kwa kukata vipande 7,404 vyembamba mno ni ya mwanamume mmoja wa miaka 65. Kazi ni ya ajabu, wala hatuidharau. Lakini mikunjo ya ubongo hutofautiana baina ya mtu na mtu, na kitabu kinachoandika "ubongo wa binadamu" chini ya picha ya marehemu mmoja kimesema zaidi ya kilichoonyesha. Kingeandika "ubongo wa mtu mmoja", kingekuwa kimesema kweli.

Vitabu vya chimbuko la mwanadamu vina udhaifu wa namna nyingine. Ubongo huoza, kinachobaki ni fuvu, na ndani ya fuvu alama hafifu za mikunjo, ambazo wataalamu huzinakili kwa kumimina plasta. Kwa njia hiyo twajua kwamba Zinjanthropus, aliyegunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959 na kupewa jina la Zinj, jina la kale la pwani yetu, alikuwa na ubongo wa sentimita za ujazo kama 530. Kijana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, alikuwa na kama 880. Wetu ni kama 1,350. Tarakimu hizi wanafunzi huzikariri kama alama za mtihani, mwenye nyingi ndiye wa kwanza, na lawama ni ya picha ile mashuhuri ya mwaka 1965 ya viumbe wanaotembea kwa foleni, kila mmoja amenyooka kuliko aliye nyuma yake. Foleni hiyo haikuwako. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba Homo habilis na Homo erectus waliishi zama zile zile karibu na Ziwa Turkana, wala Wanenderthali hawakutuzidi akili kwa kuwa ubongo wao haukuwa mdogo kuliko wetu. Na ukiufuata mwambao huu wetu kusini, ukapita Rumonge na Nyanza-Lac ukavuka mpaka, utafika Gombe, ambako Jane Goodall mwaka 1960 aliona sokwe mwenye ubongo wa kama 400 akivulia mchwa kwa ujiti alioutengeneza mwenyewe. Vitabu vingi vya shule tulivyoviona havimtaji, ingawa ni jirani yetu.

Limebaki jina moja. Sehemu ile ya chini, nyuma, chini ya ubongo wa kisogo, kwa Kilatini na kwa Kifaransa huitwa "ubongo mdogo", na vitabu vya Kiswahili ama vimetafsiri hivyo ama vimekopa serebelamu. Mwaka 2009 watafiti wa Brazil walihesabu upya chembe za neva, wakapata kama bilioni 86 badala ya zile bilioni 100 zilizokuwa zikirudiwa vitabuni. Na katika hizo, kama bilioni 69 zimo ndani ya huo unaoitwa mdogo. Kuuita mdogo mbele ya watoto twaona haya, na serebelamu halimwambii mtoto wa Minago lolote. Wazee wa hapa waliotusaidia kwa Kirundi walitupa ubwonko, ndugu wa ubongo wetu, lakini kwa sehemu hiyo hawakuwa na neno. Pembeni mwa bango nafasi ile tumeiacha na alama ya kuuliza kwa penseli. Msomaji mwenye jina atuletee kabla ya muhula kufunguliwa, kwani mwenzetu ameanza kulidai bango lake.