Anayegonga Ubao

Mvua ya Amani haipotei bure. Hunyesha karibu milimita 2000 kwa mwaka juu ya misitu ya Usambara ya Mashariki, ikachuruzika kwenye mizizi na majabali, ikawa Mto Sigi, ukapita Longuza penye mashamba ya misaji, ukajaza bwawa la Mabayani wanakonywa watu wa jiji la Tanga, na maji yanayobaki yakaingia baharini kaskazini mwa jiji. Mbao nazo ziliteremka upande huohuo. Wajerumani, walioanzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo Amani mwaka 1902, walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi, na magogo yakashuka nayo. Reli iling'olewa zamani. Nyumba ya kituo cha Sigi siku hizi hupokea wageni wa hifadhi.

Kwa hiyo mtu wa mlimani akishuka pwani kutafuta chombo kidogo kilichokwishatumika, cha kuingilia mikono ya bahari na kuvua karibu na ufuko, hudhani anakwenda kununua kitu anachokijua. Si mbao tu? Amekulia chini ya miti, anaitambua kwa gome na kwa harufu. Lakini anayeujua mti ungali umesimama hajui bado utakavyokuwa ukishapasuliwa, ukapigwa misumari na kulazwa katika maji ya chumvi kwa miaka ishirini. Hiyo ni elimu ya watu wengine, na mwenye elimu hiyo ni fundi wa mashua. Nataka kumsifu hapa, si kwa vile anavyounda vyombo vipya, maana hilo wengi wamelisifu, bali kwa jinsi anavyokikagua kikuukuu.

Kwanza atakuuliza unakwenda wapi nacho. Swali linaonekana jepesi, lakini ndilo linaloondoa nusu ya vyombo vilivyolala ufukweni. Ngalawa ni chombo kizuri mno penye nafasi. Miti yake ya kukingama na mbao za pembeni huifanya itulie na tanga likiwa limejaa upepo. Iingize kwenye mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko, utaona mbao hizohizo za pembeni zinavyokamata kila mzizi. Mtumbwi wa mwembe hupita popote, ila humtaka mtu aliyezoea kukaa bila kuyumba. Kidau cha mbao chenye tumbo pana hubeba watu na nyavu, lakini kikizidi uzito utajuta siku ya bamvua. Tanga siku hizo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ukichelewa kutoka kwenye mikoko utakaa juu ya tope mpaka bahari ikukumbuke. Fundi hukadiria hivi: chombo cha maji madogo ni kile ambacho watu wawili wanaweza kukisukuma topeni bila kuita wa tatu. Sijasikia kipimo bora kuliko hicho.

Kisha atataka kukiona maji yakiwa yamepwa, kikiwa kikavu, na jua likiwa bado la asubuhi. Kinachoelea huficha nusu ya mwili wake. Atasimama nyuma ya tezi, afumbe jicho moja, autazame mkuku, uti wa mgongo wa chombo, kwa urefu wote hadi omo. Mkuku uliopinda hautengenezeki kwa bei ya maana. Hapo safari inaweza kwisha, mkarudi kunywa kahawa. Ukiwa umenyooka, atapiga magoti na kuanza kugonga.

Hapa ndipo ufundi ulipo. Anagonga kwa mpini wa kisu, ubao kwa ubao, kuanzia chini, kama mama wa Muheza anavyopiga fenesi kwa kidole kujua limeiva au bado. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu, ya juu. Uliooza hutoa sauti nzito isiyokwenda mbali. Akifika penye sauti hiyo hasemi neno. Anageuza kisu na kuchoma kwa ncha. Kisu kikizama bila kusukumwa, mwenye chombo naye huanza kuzungumzia mambo mengine. Mahali pa kuchoma hapabahatishwi. Ni pale mkuku unapokutana na fashini, kwenye vichwa vya mataruma, yaani mbavu za chombo, na chini ya ukingo wa juu, mahali ambapo maji hukaa bila kuonekana.

Wageni wa bahari hudhani chumvi ndiyo inayoozesha mbao. Chumvi huihifadhi. Kinachoiozesha ni maji ya mvua yanayotuama ndani ya chombo kilichovutwa juu na kuachwa bila kufunikwa, msimu baada ya msimu. Ndiyo maana kidau kinachofanya kazi kila siku, kimechubuka na kunuka samaki, mara nyingi ni kizima kuliko kilichopumzishwa chini ya mnazi kwa heshima. Na ndiyo maana rangi mpya inanitia shaka kuliko tundu. Tundu unaliona, rangi ya bluu iliyopakwa juzi sijui imefunika nini.

Halafu kuna adui asiyegongeka kwa urahisi. Yule tunayemwita mdudu wa mbao za baharini hasa si mdudu, ni jamii ya chaza. Huingia akiwa mdogo sana, kwa kitundu ambacho ncha ya sindano inakitosha, kisha hukua ndani akichimba njia kufuata urefu wa ubao, huku nje pakibaki pamenyooka. Maji ya mikoko ndiyo nyumbani kwake. Wavuvi tangu zamani hukiunguza chombo upande wa chini kwa moto wa makuti, kisha hukipaka deheni ya shahamu na chokaa, na kwa mbao za juu hupaka sifa, mafuta ya papa. Harufu yake wenye hoteli hawaipendi. Fundi akikuta deheni imepakwa juu ya deheni, tabaka kwa tabaka, uso wake unalegea: chombo hiki kilikuwa na mtu. Wengi wa jamii hiyo ya chaza hawastahimili maji matamu, kwa hiyo kidau kilichokuwa kikilazwa juu ya mto, maji ya chumvi yasikofika, kina nafasi nzuri ya kuwa kimesalimika. Muulize muuzaji kilikuwa kikilala wapi. Ni swali la maana kuliko umri wake.

Misumari husema yake. Michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kila kichwa cha msumari ina maana kwamba chuma kinakwisha ndani, hata kama ubao ni mzima. Pamba ya kalafati iliyotoka kwenye maungo si jambo la kukimbia. Hiyo ni kazi ya siku chache kwa mwenye mkono mwepesi. Mnunuzi mgeni huogopa asiyopaswa kuogopa na kupuuza yanayoua.

Mfano ni kuvuja. Chombo kilichokaa juani muda mrefu hukauka, mbao zikaachana, na kikishushwa majini kitavuja mbele ya macho yako. Wengi hukikataa hapohapo. Fundi hukiacha kwenye maji usiku kucha, anarudi asubuhi kufua ngama, kisha anasubiri tena aone imeingia kiasi gani. Ikipungua, mbao zinakunywa na kufunga. Ikibaki vilevile, kuna tundu la kutafutwa. Muuzaji asiyekubali usiku huo mmoja amekwisha kukupa jibu.

Faiba sina mengi ya kuisema. Boti zake zimejaa, ni nyepesi, hazihitaji kalafati, na kwa mwenye mashine ndogo ya kusukuma zinafaa. Zikague nyuma panapofungwa mashine, kwa kuwa mara nyingi ndani yake kuna ubao uliofunikwa, na ukishalowa hauna dawa ila kukatwa.

Mimi bado nachagua mbao, na sababu yangu iko huko nilikotoka. Hadi miaka ya 1980 viwanda vya Tanga vilikuwa vikipasua magogo makubwa ya Usambara ya Mashariki. Ukataji huo ukasimamishwa mwishoni mwa miaka hiyo, na mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ikatangazwa, hekta 8380. Ilistahili. Sigi isingebaki na maji mlima ukiwa mtupu. Lakini matokeo yake ni kwamba mvule mpana wa kuundia mkuku hauchukuliwi tena ovyo, na mti unaojiotea kwa wingi sasa pale mlimani ni mhesi, ulioletwa na wataalamu wa Amani wenyewe: hukua haraka, mbao yake laini, haidumu penye unyevu. Hakuna fundi atakayeuweka chini ya mstari wa maji. Kidau kikuukuu chenye mkuku wa mvule, basi, ni mbao ambayo leo huipati kirahisi kwa fedha wala kwa kibali, na kila kinachotengenezwa badala ya kuchanwa kuni ni mti mmoja usiotafutwa msituni.

Ukishuka kwenda kununua, usiende peke yako na usiende na rafiki wa muuzaji. Tafuta fundi wa ufuko mwingine, patana naye ujira kabla hamjakiona chombo, na umlipe wote hata akikwambia usinunue.