Kivuli, Uvuli na Nuru: Istilahi za Michezo ya Kompyuta

Mfasiri anapokabiliwa na istilahi ngeni, kishawishi cha kwanza ni kulifasiri neno badala ya dhana. Hatari hiyo ni dhahiri katika istilahi za michezo ya kompyuta, ambayo vijana wa Moshi, kama wenzao wa kwingineko, huicheza na pia hutaka kuelezwa namna inavyofanya kazi.

Tuchukue mfano mmoja. Mchezo uitwao Quake II ulitolewa mwaka 1997. Nuru ya kuta zake ilikokotolewa kabla mchezo haujauzwa, ikabandikwa juu yake mithili ya rangi. Mwaka 2001 msimbo wake ulitolewa hadharani, na mwaka 2019 kampuni ya NVIDIA ikautoa mchezo huo huo kwa nuru mpya: kompyuta hukokotoa safari ya miale papo hapo, mchezaji anapotembea.

Istilahi mbili zinahitajika hapa. Ya kwanza ni jina la njia yenyewe. "Ufuatiliaji miale" linafaa, mradi walimu wasilieleze kinyume. Kwa kawaida kompyuta haiufuati mwale kutoka kwenye taa. Huanzia jichoni ikarudi nyuma hadi kwenye asili ya nuru, kwani miale mingi ya taa haifiki jichoni kamwe, na kuikokotoa yote ni kazi bure. Mkulima wa Kilimanjaro anayeona maji yamekatika shambani hulijua jambo hili: hupanda mlima akiufuata mfongo hadi kwenye banio lake mtoni.

Ya pili ni jina la programu ndogo inayokokotoa rangi ya kila nukta ya picha. Jina lake la Kiingereza limetokana na neno lenye maana ya uvuli; basi mfasiri mwenye haraka atasema "kivulishi". Tunalikataa neno hilo kwa sababu mbili:

(a) Programu hiyo haishughuliki na vivuli peke yake. Hukokotoa pia mng'ao wa maji na wa chuma.

(b) Linaficha jambo ambalo mwanafunzi hana budi kulielewa. Mtu akisimama chini ya migomba ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, jua halimfikii moja kwa moja, wala hayumo gizani. Nuru imedunda kwenye majani na udongo, ikachukua rangi yake. Uvuli huo umejaa nuru, na ndio uliokuwa mgumu kuigwa na kompyuta.

Kutohoa nako hakufai. "Sheda" halina mzizi katika lugha yetu, na likitamkwa "shada" litagongana na shada la maua.

Sisi wenyewe tulivutiwa kwanza na "kikokotoanuru". Lakini baadhi ya programu hizo husogeza maumbo tu bila kuigusa nuru, na hatuwezi kulikataa neno la mwenzetu kwa ufinyu kisha tukaleta finyu jingine. Kwa hiyo tunapendekeza "kikokotoapicha". Halina uzuri wa lile la kwanza, lakini halisemi uongo.

Tunawaomba walimu walijaribu darasani kabla halijasanifiwa. Mwanafunzi akilisikia na kuuliza, "Hukokotoa nini katika picha?", neno litakuwa limeanza kazi yake. Akiuliza, "Kivuli kiko wapi?", tutajua kwamba tulifasiri herufi tukaiacha maana.