Wingu si hukumu

Wazee wetu wanasema: dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii tunaifundisha darasani bila kuuliza kitu. Lakini msomaji wa Kurani anakuta mahali inaposhindwa. Katika sura ya 46, watu wa Adi wanaona wingu linaelekea mabonde yao, wanafurahi: mvula inakuya! Kumbe ni upepo wa adhabu. Sura ya 69 inaeleza kwamba ulivuma usiku saba na michana minane. Wingu walilijua, maana yake hawakuijua.

Upepo, wingu na mvua, Kurani inaviita aya, ni kusema ishara. Sura ya 30, aya ya 48, inavipanga kwa utaratibu: Mungu anatuma pepo, pepo zinatimua mawingu, mawingu yanatandazwa angani, kisha matone yanatoka ndani yake. Hapo ishara ni ya rehema. Wafasiri wa zamani walitoa kanuni: katika Kiarabu, pepo kwa wingi ni rehema, upepo kwa umoja ni adhabu. Kanuni ni nzuri, lakini tusiikaze sana. Sura ya 10, aya ya 22, inataja upepo mmoja mwema unaosukuma jahazi, kabla dhoruba haijafika. Na sura ya 13, Radi, inasema umeme unaleta hofu na tumaini pamoja.

Bi Aisha alisimulia kwamba Mtume alipoona wingu au upepo mkali, uso wake ulibadilika, kwa kuwakumbuka watu wa Adi. Yeye mwenyewe hakujidai kujua wingu limebeba nini.

Sasa tuje kwetu Maniema, ambapo Uislamu ulifika pamoja na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19. Radi ikipiga nyumba, mara nyingi neno la kwanza si dua. Watu wanauliza: "Nani alituma ile radi?" Na jibu linamwangukia mama mzee, mjane asiye na mtetezi. Hata watu wa msikitini wanasema hivyo. Tuseme kweli: hapo hawakusoma vizuri. Sura ya 13 inasema Mungu ndiye anayetuma radi. Haimpi jirani uwezo huo.

Na aliyepigwa, je, ni mkosaji? Jua lilipopatwa siku alipokufa Ibrahimu, mtoto wa Mtume, watu waliunganisha mambo hayo mawili. Mtume aliwakatalia: jua na mwezi ni ishara, havipatwi kwa ajili ya kifo cha mtu.

Mwalimu wa fizikia atatuambia kwamba umeme unapenda kupiga kitu kirefu: mti, nguzo, mtu aliyesimama peke yake shambani. Hatuoni ugomvi kati ya maneno hayo na imani.

Basi radi ikipiga tena, tukimbilie kwanza aliyeumia. Na yule mama mzee tumwite barazani, akae nasi mpaka mvula iishe.