Vita Bila Wenyeji: Uhakiki wa Mchezo wa Far Cry 2

Msanii anayeamua kuifanya vita kuwa maudhui ya kazi yake huwa amejitwika deni kwa hadhira. Hana budi kutuonyesha nani anapigana, anapigania nini, na nani anayebaki kuzika. Watunzi wetu wamelijua deni hilo tangu zamani. Hemedi bin Abdallah alipotunga utenzi wake wa vita vya Wadachi aliwataja watu na miji ya pwani kwa majina yao. Shaaban Robert naye alipoitungia utenzi vita ya 1939 hadi 1945 aliiita vita ya uhuru, maana alitaka ijulikane inapiganiwa nini. Michezo ya video nayo sasa inasimulia vita, na vijana wetu wanaipokea kwa saa nyingi kuliko wanavyopokea tenzi. Ni haki basi ipimwe kwa kipimo hicho hicho.

Mchezo ninaouhakiki hapa ni Far Cry 2, uliotengenezwa na Ubisoft mjini Montreal, Kanada, na kutolewa Oktoba 2008. Ni wa aina ile ya kufyatua risasi ambamo mchezaji haoni mwili wake mwenyewe. Anaona mikono, bunduki, na ulimwengu ulio mbele ya macho yake. Kwa lugha ya wanafasihi tungesema umesimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Mchezaji ni mamluki aliyetumwa katika nchi ya Kiafrika isiyotajwa jina, inayopiganiwa na makundi mawili, amuue mfanyabiashara wa silaha anayeitwa Mbweha kwa lugha yetu. Anafika, anaangushwa na malaria siku ile ile, na mtu aliyekuja kumuua ndiye anayemkuta kitandani. Ni mwanzo mzuri sana. Hadithi nyingi za kijasusi zilizochapishwa hapa kwetu zingeweza kujifunza kitu kutokana na mwanzo huo.

Katika fani, kazi hii ina ustadi ambao mhakiki mwaminifu hawezi kuuficha. Bunduki iliyookotwa kwa adui ina kutu, nayo hukwama wakati unapoihitaji zaidi. Ramani haielei pembeni mwa kioo. Mchezaji huishika mkononi huku akiendesha gari, na akiitazama mno hugonga mti. Akipigwa risasi huichomoa mwenyewe mguuni. Tena upo moto. Ukiwashwa kwenye nyasi kavu hufuata upepo, hupanda mti, hurukia kibanda, na aliyeuwasha asipojihadhari humrudia. Sisi tunaozijua nyika za Ufipa zinavyokuwa mwezi Agosti tutakiri kwamba moto huo umetazamwa kwa makini. Baadhi ya watengenezaji walisafiri hadi Kenya kuiona nchi kwa macho yao, na safari hiyo inaonekana katika rangi ya udongo, katika mwanga wa alasiri, na katika pundamilia wanaokimbia mlio wa gari.

Waliitazama nchi. Watu hawakuwatazama.

Eneo la mchezo lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50, na mtu aweza kuendesha kutwa nzima asimwone mama mmoja na mtungi wa maji. Hakuna anayelima, wala gulio, wala shule yenye watoto, wala msiba. Anayeonekana njiani ni mwanamume mwenye bunduki, naye hupiga risasi mara akuonapo. Hata watu wa kundi lililokuajiri asubuhi watakupiga risasi mchana. Mchezo unajitetea kwa kusema kazi yako ni ya siri. Vizuizi vya barabarani ndivyo vinavyochosha kupita yote. Unawaua walinzi wote wa kizuizi, unakwenda mwendo mfupi, unarudi, na unawakuta wengine wamesimama pale pale kana kwamba hakukutokea jambo. Mtu wa umri wangu hachezi haraka, kwa hiyo nilipata nafasi ya kutosha ya kuwahesabu. Niliacha kuhesabu.

Hapa ndipo kazi inapoanguka kimaudhui, na pia kifani, kwa kuwa mambo haya mawili hayatengani. Kifo kisichopunguza kitu hakina uzito. Mchezo unadai kuwa unatuonyesha jinsi vita inavyomharibu mtu. Mbweha mwenyewe hutoa mawaidha marefu juu ya jambo hilo, na hata kumnukuu Nietzsche. Lakini mchezaji hapewi chochote cha kuharibu isipokuwa walinzi wanaozaliwa upya. Katika vitufe vyote vya mchezo hakuna kimoja cha kusalimu. Huwezi kupiga hodi. Ukifika mlangoni pa mtu, njia uliyopewa ya kuzungumza naye ni risasi, kisha tunaombwa tuhuzunike kwa kuwa watu hawa hawana maneno baina yao.

Raia wachache wapo, nao wamejificha ndani. Mchezaji huwapelekea hati za kusafiria ili waondoke nchini, nao humlipa vidonge vya malaria. Nilidhani hapo hadithi itafunguka, maana ugonjwa ule ni jambo tunalolijua sisi wa bonde la Rukwa, na hapa Kaoze hakuna nyumba isiyokuwa na habari yake. Malaria ya kweli huanza na watoto na wajawazito. Malaria ya Far Cry 2 inamshika mgeni peke yake. Wenyeji ni duka lake la dawa. Akishapokea vidonge mlango unafungwa, na jina la aliyempa halijulikani.

Turudi kwenye suala la nafsi. Sarufi yetu ina nafsi ya kwanza umoja na nafsi ya kwanza wingi. Far Cry 2 una mimi, tena mimi mwenye nguvu nyingi, lakini hauna sisi. Vita yoyote iliyopita katika nchi hii ilisimuliwa kwa sisi. Wangoni walipofika Ufipa katika miaka ya 1840, na Zwangendaba akafia huku, walikuwa kundi la watu lenye wake, watoto, mateka na ng'ombe. Waingereza walipoitwaa Bismarckburg, ambayo ndiyo Kasanga ya leo, Juni 1916, mizigo ya vita ile ilikuwa vichwani mwa wapagazi, na katika vita yote ya Afrika Mashariki wapagazi waliokufa walikuwa wengi kuliko askari. Mchezo wa vita ya Kiafrika usio na mpagazi hata mmoja umeiondoa vita yenyewe, ukabakiza milio.

Wapo watakaosema kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba anayefyatua risasi kwa kujifurahisha hahitaji soko wala msiba. Ningelikubali neno hilo kama kazi yenyewe ingelijitangaza kuwa mchezo tu. Haikufanya hivyo. Ilijitangaza kuwa na fikra juu ya Afrika, na fikra huhojiwa. Mwaka uliofuata, 2009, Resident Evil 5 wa kampuni ya Capcom ya Japani uliwapa wakazi wa mji wa kubuni uitwao Kijuju maneno ya Kiswahili, ukawaita majini, kisha ukatupa kazi ya kuwaua. Kijana anayevicheza vyote viwili anajifunza kwamba Mwafrika wa michezo ama yu kimya ama anazungumza lugha yetu kama pepo. Kasumba ya namna hii haihitaji mwalimu darasani.

Wengine wamejaribu kujibu kwa vitendo. Mwaka 2015 kampuni ya Black Division Games ya Nairobi ilitoa Nairobi X, mchezo wa kufyatua risasi ambamo mji unalindwa dhidi ya wavamizi kutoka anga za mbali. Kwa ufundi haukaribiani na kazi ya Montreal, wala hadithi yake si ya kina. Lakini mpiganaji wake ana kwao, na mji anaoupigania una jina.

Far Cry 2 unamalizikia mpakani. Raia wanapaswa kuvushwa kabla makundi hayajawafikia, na mchezaji anachagua ama kuwahonga walinzi wa mpaka kwa almasi ama kuifunga njia kwa baruti nyuma yao. Kisha kioo kinakuwa cheusi. Watengenezaji waliona hadithi imekwisha pale ambapo kwetu huanza. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, na baadaye Mishamo, katika Mpanda iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa hadi Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012. Walifyeka pori, wakapanda mahindi na tumbaku, wakazaa. Zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo la 1972 na uzao wao walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Kati ya kuvuka mpaka na kukipokea cheti kuna miaka 42, na hakuna mtengenezaji wa michezo aliyeigusa hata siku moja ya miaka hiyo.