Mzigo Mmoja, Namba Tatu: Jinsi Forodha Inavyoipanga Pawatila ya Mbarali

Mkulima wa mpunga wa Mbarali anapoagiza pawatila kutoka nje, ankara mara nyingi huwa na mstari mmoja tu: "pawatila na vifaa vyake". Ndani ya mzigo kuna mashine yenyewe, plau na tela. Kwa mkulima hicho ni chombo kimoja cha kazi. Kwa forodha ni bidhaa tatu zenye namba tatu, na kila namba ina kiwango chake cha ushuru.

Wafanyabiashara wengi wa Mbeya na Iringa huliacha suala la namba mikononi mwa wakala wa forodha, wao wakasubiri kuambiwa kiasi cha kulipa. Hapo ndipo fedha hupotea na migogoro huzaliwa. Kazi ya kuipata namba ina utaratibu ulioandikwa, na mwenye mzigo anaweza kuufuata.

Namba hizi zinatokana na mfumo wa HS unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Mkataba wake ulisainiwa Brussels mwaka 1983 na kuanza kutumika 1 Januari 1988. Tarakimu mbili za kwanza zinataja Sura, nne zinataja kifungu, sita zinataja kifungu kidogo. Hadi tarakimu ya sita dunia nzima inasoma namba ileile. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeongeza tarakimu mbili, zikawa nane, na mbele ya kila namba imeweka kiwango cha Ushuru wa Pamoja. Viwango vya msingi vilivyoanza mwaka 2005 vilikuwa vitatu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, 10 kwa bidhaa za kati, na 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 kikaongezwa cha nne, asilimia 35. Zipo pia bidhaa nyeti, kama mchele na sukari, zenye viwango vya juu zaidi.

Uchambuzi wa bidhaa unaongozwa na kanuni sita, na huanzia ya kwanza. Kanuni hiyo inasema majina ya Sura, na ya Sehemu zinazokusanya Sura hizo, ni ya kurahisisha utafutaji tu. Kinachoamua kisheria ni maneno ya kifungu, pamoja na maelezo yaliyochapishwa mwanzoni mwa Sehemu na Sura. Maelezo hayo ni mistari michache ambayo wengi huiruka wakikimbilia orodha ya namba, ilhali ndiyo yenye uamuzi.

Turudi kwa pawatila. Sura ya 87 ni ya magari na matrekta. Maelezo ya 2 ya Sura hiyo yanasema trekta ni chombo kilichoundwa hasa kwa ajili ya kuvuta au kusukuma chombo kingine, zana au mzigo. Pawatila inayobadilishiwa zana inaingia hapo, katika 8701.10, matrekta ya ekseli moja. Maelezo hayohayo yanaendelea kusema kwamba zana za kubadilisha hubaki kwenye vifungu vyake hata zikiletwa pamoja na trekta, hata zikiwa zimeshafungwa juu yake. Kwa hiyo plau inakwenda 8432 na tela inakwenda 8716. Kama mashine ni ya kulimia tu, na visu vyake ni sehemu ya kudumu ya umbo lake, haihesabiwi kuwa trekta. Yenyewe inahamia 8432. Trekta na plau za kilimo ziko kwenye asilimia 0, lakini tela lazima lisomwe kwenye mstari wake. Jedwali la misamaha katika Sheria ya VAT ya 2014 nalo linataja zana za kilimo kwa namba za HS, kwa hiyo namba ikikosewa, kodi mbili zinayumba kwa pamoja.

Vipuri vina mtego wake. Wengi huamini kila kipuri cha trekta ni 8708. Maelezo ya 2 ya Sehemu ya XVII yanaviondoa vingi. Filta ya oili ni 8421. Beringi ni 8482. Pistoni ni 8409. Injini ya dizeli ikiletwa peke yake ni 8408. Mkanda wa mpira ni 4010, na tairi ni 4011. Kasha moja la vipuri linalopita Tunduma linaweza kuwa na mistari kumi halali, na anayelitamka lote kwa mstari mmoja anakuwa ametoa tamko lisilo sahihi, hata kama hakuwa na nia ya kukwepa.

Mitumba inayojaza masoko ya Mbeya nayo inapimwa kwa maelezo ya Sura. Kifungu chake ni 6309. Maelezo ya 3 ya Sura ya 63 yanataja orodha ya vitu vinavyokubalika, miongoni mwake nguo, blanketi, mashuka, viatu na kofia. Kisha yanaweka masharti mawili yanayopaswa kutimia yote: vitu vionekane vimetumika, na viletwe vikiwa shehena huria au ndani ya belo, magunia au vifungashio vinavyofanana na hivyo. Nguo mpya zilizokosa soko Ulaya hazigeuki mitumba kwa kubanwa ndani ya belo. Zinarudi Sura ya 61 au 62. Mikoba ya mkononi haimo kwenye orodha, kwa hiyo belo la mikoba iliyotumika linakwenda 4202. Ushuru wa 6309 ni asilimia 35 au dola 0.40 kwa kilo, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Belo la kilo 45 haliwezi kulipiwa chini ya dola 18, na kiwango cha uzito ndicho kinachotumika kila thamani yake inapokuwa chini ya dola 51 hivi.

Kwa Mafinga, mfano mzuri ni mashine ya kupasua mbao. Ikiletwa ikiwa imefunguliwa katika makasha kadhaa, Kanuni ya 2(a) inaruhusu makasha yote yahesabiwe kuwa mashine kamili ya 8465, ilimradi yawasilishwe pamoja. Yakija kwa mizigo tofauti, kila kasha linasomwa kivyake: mota inakuwa 8501, misumeno inakuwa 8202. Jinsi mzigo unavyopakiwa kule unakotoka tayari inaamua utakavyolipiwa huku.

Tofauti kwa shilingi si ndogo. Chukua mzigo wenye thamani ya forodha ya shilingi 10,000,000, bima na usafirishaji zikiwemo. Kwa asilimia 0, kama hauna msamaha, unalipiwa VAT ya asilimia 18 peke yake, yaani 1,800,000. Kwa asilimia 10, ushuru ni 1,000,000, na VAT inakokotolewa juu ya 11,000,000, jumla 2,980,000. Kwa asilimia 25 jumla ni 4,750,000, na kwa asilimia 35 ni 5,930,000. Tozo nyingine sijazihesabu. Hata bidhaa za nchi za SADC, zile zinazopita Tunduma na Kasumulu na cheti cha uasili, unafuu wake unategemea namba iliyoandikwa kwenye cheti ilingane na bidhaa.

Mwenye mzigo afanye nini? Kwanza, ankara ieleze kila kitu kwa mstari wake: ni nini, kimetengenezwa kwa malighafi gani, kinafanya kazi gani. Pili, kabla ya kuagiza mzigo mkubwa aombe TRA uamuzi wa awali wa namba, kwa maandishi, akiambatisha picha na maelezo ya mtengenezaji. Tatu, atunze nyaraka, kwa kuwa Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inairuhusu forodha kudai ushuru uliopungua ndani ya miaka 5. Nne, asiporidhika na uamuzi, ana siku 30 za kuomba upitiwe upya na Kamishna, na baada ya jibu ana siku 45 za kukata rufaa Bodi ya Rufani za Kodi.

Hata hivyo si haki kumtwisha mkulima mzigo huu peke yake. Kitabu cha ushuru na maelezo yake kimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. TRA ingeyachapa kwa Kiswahili maelezo ya Sura chache zinazogusa uchumi wa Nyanda za Juu Kusini, yaani mbolea, mitumba, mashine, magari na vipuri, na kuyaweka kwenye ofisi zake za Mbeya, Iringa na mipakani. Ni kurasa chache, na zingeokoa ugomvi mwingi. Wakati tukisubiri hilo, kila anayelipia mzigo amuulize wakala wake swali moja kabla ya tamko kutumwa: namba hii umeipata kwa kifungu kipi na kwa maelezo ya Sura gani? Wakala anayejua kazi yake atajibu papo hapo, na atakuonyesha ukurasa.